Matairi mapya ya Chumba na Sebule

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kompresa bado haijaanza kuguruma, na mbele ya karakana wanapita watu wawili watatu tu wanaowahi kazini. Fundi mwenye mvi amepiga magoti kando ya gari refu la rangi ya maziwa. Mkono wake wa kulia umezama nyuma ya tairi la mbele mpaka kwenye kiwiko, na macho ameyafumba. Anapapasa taratibu, kama mtu anayetafuta sarafu iliyobingirikia chini ya kabati.

"Hapa," ananiambia mimi, mwandishi. "Lete kidole chako. Pita nacho hivi. Umesikia?"

Kidole kinakutana na mfereji uliochimbika kuzunguka tairi zima, upande wa ndani ambao mpita njia hawezi kuuona. Chini ya mfereji kuna nyuzi. Kwa nje tairi hilo lina meno mazuri tu.

"Hili lilikuwa linanisubiri kule mlimani, kwenye kona," anasema, na kucheka peke yake huku akifuta mikono kwenye suruali.

Mtaa mzima unamwita Upepo. Jina hilo alipewa enzi za pampu ya mguu, kabla hajanunua kompresa, na limemganda mpaka wajukuu wake wanalitumia. Madereva humwita wakiwa hata hawajazima injini: "Upepo, niangalizie la nyuma kushoto!" Naye hutoka akinung'unika, maana ni mtu wa kunung'unika, lakini hutoka. Ameshika matairi ya watu kwa zaidi ya miaka arobaini.

Gari la leo, hata hivyo, ni lake mwenyewe.

Ni gari la safari, lile la aina yenye kitanda, jiko dogo la gesi, sinki na kabati ndani yake. Majirani wanaliita Chumba na Sebule. Kwa miaka mingi limekaa nyuma ya nyumba bila kwenda popote. Paka wamezalia chini yake. Mabati ya kuezekea yaliyobaki yameegemezwa ubavuni mwake, na msimu mmoja lilifanywa stoo ya viazi. Ukifungua mlango hata sasa, harufu ya viazi inakutangulia kukupokea.

"Usiandike habari za viazi," anaonya mkewe kutoka dirisha la jikoni.

Samahani, mama. Nimeshaandika.

Mkewe ndiye sababu ya gari hili kutolewa mafichoni. Upepo humwita Mpishi, naye humwita mumewe Fundi, tangu siku walipokutana. Wakati huo walikuwa vijana kwenye kambi ya ujenzi wa barabara, juu kabisa mlimani, karibu na bwawa. Yeye alikuwa anapika kwa ajili ya kambi nzima. Kijana wa matairi alikuwa anakuja jikoni kuomba maji ya moto ya kunawia grisi, mara nne mara tano kwa siku.

"Grisi gani hiyo isiyokwisha?" anauliza Mpishi. "Nikamwambia, we kaka, sema unachotaka, maji yangu yanaisha."

Alichotaka alikisema. Walipooana hawakuwa na nyumba, na hema la wafanyakazi halikuwa mahali pa bibi harusi. Mpima barabara mmoja alikuwa anaondoka kurudi kwao, akawauzia gari lake la safari kwa bei ya kirafiki. Wakaingia humo na sufuria mbili na godoro. Wakaishi humo mpaka barabara ikaisha. Binti yao mkubwa alijifunza kutembea ndani ya gari hilo. Hatua zake za kwanza zilikuwa tatu, maana baada ya hapo kulikuwa na kabati.

"Watu wananionea huruma nikiwaambia tuliishi ndani ya gari," anasema Mpishi. "Huruma ya nini? Nilikuwa nalala nasikia maji. Nikifungua mlango asubuhi, bwawa lote lile langu. Sijawahi kuwa na sebule kubwa namna ile tena."

Watoto walipokuwa wadogo, familia ilirudi bwawani kila likizo. Halafu ada za shule, halafu misiba, halafu kazi. Kila mwaka walisema mwakani. Mwakani huyo akawa hafiki.

Mwaka jana Mpishi alianza kujigonga kwenye fremu za milango. Alidhani ni uzee. Daktari wa macho akampima, akamwambia ni presha ya macho, na kwamba dawa ya matone itajaribu kulinda kilichobaki, lakini kilichopotea hakirudi. Kwa sasa anaona mbele tu. Pembeni kote kumefungwa.

"Ni kama unachungulia kwenye bomba," anaeleza bila kujihurumia. "Na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Mimi sina muda wa kusema mwakani."

Akamwambia mumewe anataka kuliona bwawa. Binti yao, ambaye sasa ni fundi cherehani na ana gari dogo zuri, akasema atawapeleka wikiendi hiyo hiyo, kiyoyozi na muziki juu. Mama akakataa. Binti akaudhika. Alidhani mama anadengua.

Mama hakuwa anadengua. Barabara ile ya mlimani, upande wa bondeni, ina ukingo wa mawe uliojengwa na kambi yao wenyewe. Ukiwa ndani ya gari dogo unaona mawe tu, mwendo mzima. Ukiwa kwenye kiti cha mbele cha Chumba na Sebule, ulivyokaa juu, ukimaliza kona ya mwisho maji yanajitokeza yote kwa mara moja juu ya ukingo. Kitu hicho ndicho anachokitaka. Kushuka na kuongozwa kwa mkono mpaka ukingoni, hataki. "Nataka yanitokee," anasema. "Kama zamani."

Basi Upepo akaondoa mabati, akafukuza paka, akapandisha gari kwenye jeki. Injini ilimpa kazi ya wiki mbili na ikakubali. Akabaki na matairi.

Matairi hayo alijua ni ya kutupa hata kabla hajayagusa. Tairi huzeeka hata likikaa bure, na wiki na mwaka wake wa kuzaliwa huchongwa ubavuni. Haya yalikuwa yamepasuka vijinyufa kila mahali kama sabuni iliyosahaulika juani. Mpango ulikuwa rahisi: asome namba ubavuni, anunue mengine manne ya namba hiyo hiyo, amalize.

Halafu akagusa ule mfereji.

"Nikajiuliza, huu umetoka wapi?" anasimulia. "Tairi linajikata lenyewe? Nikazungusha usukani mpaka mwisho. Likakohoa."

Hapo inabidi tueleze. Gari hili, tangu walipolijua, lilikuwa na tabia ya kutoa sauti kwenye kona kali: khoo, khoo. Watoto walisema Chumba na Sebule linakohoa. Kwenye kona za mlimani walikuwa wanahesabu vikohozi, na anayekosea ananyimwa biskuti. Mama alikuwa anaigiza kulinywesha gari dawa. Hakuna aliyewahi kufikiri kikohozi kile ni ugonjwa wa kweli. Kumbe ni tairi lililokuwa linasuguana na bati la ndani la gari.

Kila mteja anayekuja hapa karakanani kununua tairi husikia wimbo mmoja kutoka kwa Upepo: usisome tairi, soma mlangoni. Kila gari lina kibati kidogo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na kiwanda kimeandika hapo saizi inayotakiwa. Namba ya ubavuni inakwambia tu mtu wa mwisho alivaa nini. Inaweza kuwa alikosea. Inaweza kuwa alikuwa na haraka.

Kwa gari lake mwenyewe hajawahi kusoma mlangoni. Mpima alimwachia likiwa limevaa matairi, naye kila yalipochakaa akanunua kama hayo. Wakati huo alikuwa kijana anayewaza mambo mengine, na wimbo wake wenyewe alikuwa bado hajautunga. Baadaye, mlango haukuwa na kibati.

"Kibati kipo," anasema Mpishi. "Nilikipaka rangi."

Alikipaka mara tatu. Alipenda kubadilisha rangi ya milango kila walipopata jambo la kufurahia. Upepo akachukua kitambaa na mafuta ya kuondolea rangi, akaanza kusugua. Rangi ya maziwa ikatoka: hiyo ilipakwa walipohamia nyumba hii. Chini yake kijani: mwaka aliozaliwa mtoto wa mwisho. Chini ya kijani, bluu ya kambini, iliyobaki kwenye kopo la kuchorea mapipa. Anakiri kwamba alipofika kwenye bluu aliacha kusugua kidogo akaenda kunywa chai.



Chini ya bluu kulikuwa na kibati, na kwenye kibati kulikuwa na namba. Gari lilitakiwa kuvaa tairi la upana wa milimita mia na themanini na tano. Lililovaa maisha yake yote pamoja nao lilikuwa la mia mbili na tano, pana zaidi na refu zaidi. Mpima, bila shaka, alitaka gari linyanyuke kwenye mashimo ya kambini. Kwenye barabara iliyonyooka haidhuru sana. Kwenye kona za mlimani, na nyumba nzima mgongoni, tairi la mbele lilikuwa linaliwa kidogo kidogo na bati.

Akaingia jikoni kumpa mkewe habari. Ikawa vita.

"Yaani unalishusha?" akauliza Mpishi.

"Nalirudisha lilivyotakiwa kuwa."

"Nakuuliza, linashuka au halishuki?"

Linashuka. Kama unene wa kidole gumba. Kwa mtu mrefu si kitu, lakini Mpishi si mtu mrefu, na sponji ya kiti chake ililala zamani. Hata kwa matairi ya zamani alikuwa anachungulia juu ya dashibodi kidevu kikiwa juu. Ondoa unene wa kidole gumba, na ukingo wa mawe unapanda mbele ya maji. Kwa macho yanayoona katikati tu, hakuna pa kukwepea.

"Nunua yale yale," akamwambia. "Yametubeba miaka yote hayakutuua. Safari moja tu, Fundi."

Upepo hakulala vizuri. Alifikiria kukata bati la ndani ili tairi kubwa lipate nafasi. Wapo mafundi wanaofanya hivyo. Lakini bati lile linashikilia mahali springi inapokaa, na ukilikata unaanza kuomba dua kila kona. Asubuhi akamwambia mkewe kwamba hatamweka kwenye tairi ambalo asingemwekea mteja. Chai siku hiyo ilikuja bila sukari, na sukari haikusahaulika.

Hata hivyo Mpishi alikubali kwenda mizani. Huu ni utaratibu wa Upepo ambao wateja huucheka: mtu akija na gari lenye nyumba ndani, hamuuzii tairi mpaka gari lipimwe likiwa limepakiwa kila kitu litakachosafiri nacho. "Watu wanapima gari, hawapimi nyumba," anasema. "Maji, mtungi wa gesi, godoro, masufuria, bibi. Vyote hivyo vinakaa juu ya tairi."

Kwa hiyo Chumba na Sebule likapakiwa kama linaondoka siku hiyo, likaendeshwa polepole hadi kwa mnunuzi wa vyuma chakavu mwenye mizani ya malori. Lilipimwa lote, kisha likapimwa miguu ya nyuma peke yake. Mpishi alikaa mbele, mkoba mapajani, mtu aliyenuna kabisa.

"Mama, ukishuka tutajua uzito wako kamili," akatania mwenye mizani.

"Jaribu uone," akasema Mpishi. Watu wakacheka mpaka naye akacheka, na hapo chai ikarudi kuwa na sukari.

Mizani ilionyesha kwamba nyuma, kwenye kabati na tangi la maji, ndiko kulikobeba mzigo. Kwa hiyo saizi sahihi peke yake haikutosha. Muuza matairi wa ng'ambo ya barabara, rafiki yake wa siku nyingi, alimletea manne yanayong'aa, upana ule ule, bei karibu nusu. Upepo akayageuza akasoma alama ndogo inayofuata saizi, ile inayosema tairi linaweza kubeba kilo ngapi. Yalikuwa ya gari la kawaida.

"Haya ya kumpeleka mtu sokoni," akasema. "Mimi nahamisha nyumba."

"Lakini yanaingia!"

"Hata mimi naingia kwenye suruali ya mjukuu wangu. Kukaa je?"

Rafiki yake akayarudisha akicheka, akaleta ya mzigo, yenye ubavu mgumu. Siku hiyo Upepo aliyafunga yote manne mwenyewe, akayajaza upepo kulingana na uzito wa mizani, ya nyuma zaidi ya mbele. Binti yake alikuja kushuhudia. Alizungusha usukani mpaka mwisho, kulia, kushoto. Kimya.

"Sasa halitakohoa tena?" akauliza.

"Limepona," akajibu baba yake.

Binti alikuwa amekuja na magazeti ya mishono mkononi, na mteja alikuwa anamsubiri dukani. Akakaa palepale kwenye kiti cha dereva akalia. Mtu mzima, mama wa watoto. Alisema ni upuuzi, akajifuta, akaomba aambiwe siku ya safari.

Siku ya kulijaribu gari, mwandishi alipewa kiti cha nyuma, kati ya sinki na kitanda. Tulitoka nje ya mji hadi kwenye barabara iliyonyooka yenye mawe ya kilomita. Mpishi alikuwa mbele, na kweli, kidevu chake kilikuwa sawa na dashibodi. Upepo naye alikuwa anaangalia mita kwa jicho moja na mawe kwa jicho jingine, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka akaegesha pembeni.

"Mpishi," akasema. "Zinalingana."

Nyuma ya neno hilo kuna ugomvi wa umri wa ndoa yao. Kutoka kambini hadi mjini, Mpishi alipokuwa anakwenda kununua chakula cha kambi, mita ya gari ilikuwa inasema kilomita arobaini. Jiwe la barabarani lilisema arobaini na mbili. Miaka yote amekuwa akisema wapimaji walisimika mawe wakiwa wamelewa. Mumewe amekuwa akiwatetea wapimaji. Waligombana hivyo kwenye likizo, kwenye harusi za watu, hata mbele ya wakwe.

"Wapimaji walikuwa sawa," akaeleza Upepo taratibu. "Tairi kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali zaidi, lakini mita haijui. Mita inahesabu kama limevaa dogo. Kila kilomita ishirini tulizokwenda, moja haikuandikwa."

Mpishi akanyoosha mkono akaushusha juu ya dashibodi, akapapasa kioo cha mita.

"Kwa hiyo hii inatupunja."

"Imetupunja tangu siku ya kwanza."

"Basi tumekwenda mbali kuliko tulivyojua," akasema. Halafu akaongeza: "Lakini wale walikuwa wamelewa. Niliwapikia mimi, nawajua."

Tukarudi karakanani. Upepo akatoweka kwenye kona anakoweka mbao za kuwekea jeki, akatoka na ubao mnene wa mninga aliokwisha kuupiga randa. Kumbe aliuandaa tangu siku ya ugomvi. Akafungua nati nne za kiti cha mbele, akauweka ubao chini yake, akafunga nati ndefu zaidi. Juu ya kiti akaongeza mto ambao binti yao alikuwa ameushona. Akampa mkewe mkono, akampandisha.

"Nimeongeza unene wa vidole vitatu," akasema. "Tairi limekunyang'anya kimoja. Vinabaki viwili. Unaona?"

Mpishi akatazama mbele, akigeuza kichwa taratibu jinsi anavyofanya siku hizi, akitafuta mambo kwa lile bomba lake. Mbele ya karakana kuna ukuta wa mawe wa jirani, na nyuma ya ukuta jirani amepanda maua. Mwaka mzima Mpishi hakuwahi kuyataja.

"Yule jirani," akasema, "kumbe amepanda mekundu."

Upepo akainama kukusanya spana zilizokuwa tayari zimekusanywa.

Wanaondoka Jumamosi. Binti anafuata nyuma na gari lake dogo, kwa sharti la mama kwamba asithubutu kuwapita kabla ya kona ya mwisho. Watalala palepale ilipokuwa kambi, mlango ukiwa wazi upande wa maji. Baada ya hapo Upepo anataka waende kila sehemu waliyowahi kwenda, polepole, macho yakiruhusu, na mita safari hii ikiandika kila kilomita.

Mwandishi alimuuliza kama hana wasiwasi, mkewe akiona mbele tu, nusu ya safari itampotea.

"Haitapotea," akasema. "Yeye ataangalia mbele. Ya pembeni nitamsimulia mimi."

"Wewe?" akadakia Mpishi kutoka juu ya ubao wake. "Wewe shika usukani, angalia barabara!" Akarekebisha mto. "Utanisimulia tukiegesha."